Wamama Watatu Wanaosoma Masta, na Maswali Mnayotuuliza

Tangu ilipotangazwa kwenye kikao kwamba hapa Mulongwe tuko watatu tunaosoma masta, maswali hayajakoma. Sokoni, kwenye bomba la maji, hata kwenye matanga, tunaulizwa yaleyale: mnasoma nini kwa umri huo? Itawalipa? Na nani anapika? Wengine wanauliza kwa upendo, wengine kwa kicheko. Tumekaa pamoja tukaona afadhali tujibu hapa, tusirudie kila siku.

Jina lenyewe la masomo yetu linaleta shida. Kwetu Kongo ukisema "humanite", kila mtu anaelewa sekondari, ile miaka ya mwisho mpaka diploma ya Leta. Kumbe penginepo neno hilohilo ni la masomo ya lugha, historia, fasihi na falsafa, yaani mambo ya binadamu, aliyoyasema na aliyoyatenda. Basi mwenzetu alipojieleza hivyo kwa jirani yake, jirani akashika kiuno: "Una watoto watano, na unarudi humanite?" Tulicheka mpaka machozi. Mmoja wetu anasoma historia, wawili lugha na fasihi. Wote ni walimu. Mdogo ana miaka 34, mkubwa ana 51 na mjukuu mmoja.

Swali la nani anapika ndilo zito kuliko yote, hata kama linaulizwa kwa mchezo. Katika mpango mpya wa vyuo vya Kongo, ule wa lisansi miaka 3, masta miaka 2 na doktora miaka 3, masta ni krediti 120. Krediti moja inahesabiwa kuwa saa 25 za kazi, ya darasani na ya nyumbani. Pigeni hesabu: ni saa 3000. Kijana asiye na mtu wa kumtegemea anazo saa hizo. Mama anayefundisha asubuhi, anayepita sokoni akirudi, anayeangalia mkwe mgonjwa na watoto wenye mitihani, anazitoa wapi?

Anazitoa kwa watu. Usingizi wake unatoa sehemu, lakini usingizi hautoshi. Binti mkubwa anatwanga sombe peke yake. Bwana anajifunza kupokea wageni bila kumwita mama. Dada wa bwana analala na bibi mgonjwa siku mbili kwa juma. Tena chuo kinapopata profesa mgeni, anafika na kumaliza kozi nzima kwa siku chache, asubuhi mpaka jioni, halafu anarudi kwao. Siku hizo mwalimu mwenzetu wa shule anashika madarasa mawili kwa pamoja, na wanafunzi wake ndio wanaovumilia. Tukisema "tunasoma", watu kumi wanalipa, na karatasi itatoka na jina moja.

Kwa hiyo mama anayetuuliza aanzie wapi, hatumwambii aanzie chuoni. Aanzie nyumbani, kabla ya kulipa minervali hata franka moja. Awaite wote wakae, azigawe hizo saa kwa majina: nani Jumatatu, nani siku ya kufua, nani siku ya mtihani. Mwenzetu mmoja aliandika kwenye karatasi akaibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Wifi yake alikasirika alipoona jina lake pale, wakazungumza, likabaki. Ingekuwa kazi ya kimyakimya, hasira ingekuja mwaka wa pili, kwenye memwari, na hapo hakuna wa kuituliza.

Karatasi nazo ni habari nyingine. Kuandikishwa masta kunataka diploma ya lisansi na matokeo ya kila mwaka. Mnakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka mahali pake na kubeba nyumba. Sanduku la mwenzetu lilikwenda na maji, na ndani yake miaka yote ya masomo. Kutafuta nakala mpya kulimchukua miezi mingi, na kila ofisi ilimtuma kwenye ofisi nyingine. Aliye na diploma leo aipige picha, aitume kwenye simu ya ndugu anayekaa mlimani.

Msidhani kwamba zamani njia ilikuwa nyepesi zaidi. Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza chuo kikuu hapa nchini, alimaliza Lovanium mwaka wa 1964, alisoma sosholojia, na mwaka wa 1966 akawa waziri, mwanamke wa kwanza. Chuo hicho kilikuwa kimefunguliwa miaka 10 kabla. Halafu mwaka wa 1971 vyuo vikuu vitatu vya nchi vikaunganishwa kuwa kimoja, na masomo ya lugha na historia yakapelekwa Lubumbashi. Mtu wa Uvira aliyetaka fasihi alipaswa kufikiria meli ya Kalundu mpaka Kalemie, na kutoka pale reli. Mama mwenye watoto asingeweza hata kuanza. Sisi tunalalamika, lakini tunalala nyumbani kwetu.

Sasa, faida. Tuseme ukweli: hakuna aliyetuahidi nyongeza ya mshahara. Anayetafuta pesa ya haraka auze kitenge, hatutabishana naye. Lakini tuwaelezeni jambo moja kutoka kwenye memwari ya mwenzetu wa historia, mtaona tunachokitafuta.

Anaandika juu ya wamama waliouza ndagala kati ya ziwa na vijiji vya juu, na namna walivyokopeshana. Mama mmoja mzee alimwambia kwamba zamani mchuuzi alichukua samaki kwa neno moja tu: "Nitakulipa giza likirudi." Mwenzetu akaiandika kwa Kifaransa kuwa deni la kila mwezi. Mwongozaji wake akakubali, ukurasa ukapita. Yeye mwenyewe ndiye aliyekosa usingizi. Akarudi kwa yule mama.

Ninyi wa pwani mnalijua. Ndagala huvuliwa usiku, kwa taa. Samaki hufuata mwanga wa taa mpaka juu ya wavu. Zamani zilikuwa taa za petroli, siku hizi ni za betri. Mbalamwezi ikijaa, mwanga wa taa haumvuti tena samaki, na wavuvi wanapumzika. Basi "giza likirudi" si tarehe ya mwezi kama ya mshahara. Ni ahadi inayofungwa na ziwa. Mdai na mdaiwa wote wanajua kwamba siku za mbalamwezi hakuna anayeweza kulipa, kwa hiyo hakuna anayegonga mlango. Aibu inalala. Giza likirudi, mitumbwi inatoka, na hapo asiyelipa anajulikana. Tena yule mama aliongeza: mvua au upepo ukizuia wavuvi gizani, deni linasubiri giza lingine, bila kuongezwa chochote.

Hiyo ni sheria ya mkopo. Ilikuwa na muda wake, huruma yake na adhabu yake. Haikuandikwa popote, na waliokuwa wakiishika wanazikwa mmoja mmoja. Mwenzetu alifuta "kila mwezi" na kuandika kurasa nne. Neno la yule mama ameliacha kwa Kiswahili katikati ya Kifaransa, na maelezo chini yake. Mwongozaji alisita kidogo. Mwenzetu alimkumbusha kwamba Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Neno limebaki.

Hatuna njia nyingine ya kulieleza. Kijana wa miaka 22 aliye mwerevu kuliko sisi angeandika "kila mwezi" na kuendelea, kwa sababu hajawahi kudaiwa samaki. Umri wetu, ambao watu wanautaja kama kizuizi, ndio uliomrudisha mwenzetu kwa yule mama.

Lakini yeye huyo wa historia ndiye aliyesimama. Alimaliza mwaka wa kwanza, krediti zake 60 zimeandikwa na hazifutiki. Mwaka wa pili bwana wake alipoteza kazi, na watoto wawili wako sekondari, ambako kulipa hakukuondoka, maana shule ya bure ya 2019 ni ya msingi tu. Minervali yake haijalipwa. Hakutuomba tuseme hili. Tulimwomba ruhusa, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema tuandike bila jina.

Sanduku la chama letu linakopesha kwa biashara na kwa ugonjwa. Kwa masomo ya mama mwenyewe, kanuni haisemi ndiyo wala hapana. Kwa masomo ya watoto tulishakubali, na hakuna aliyeuliza kama mtoto atapata faida. Kikao cha Jumamosi tutaomba sentensi moja iongezwe kwenye kanuni, na mwenzetu awe wa kwanza kukopa, kwa riba ileile ya wauza samaki. Mweka hazina aje na daftari, sisi tutakuja na karatasi ya chuo inayoonyesha kiasi.

Na mwenye mama, bibi au shangazi aliyeuza ndagala Kalundu au Kavimvira kabla ya vita ya 1996 atuambie. Memwari imebakiza wazee watatu wa kuzungumza nao, na mwenzetu amesema atawafuata nyumbani kwao, alipe minervali au asilipe.