Habari za Temeke zinapopitia Ulaya

Hivi, ukifungua picha kwenye simu ukiwa Sinza, umewahi kujiuliza inatoka wapi? Wengi tunasema "mtandaoni" na kuishia hapo, kana kwamba mtandao ni wingu linaloelea juu ya Dar. Picha inatoka kwenye seva. Seva ni mashine, iko kwenye chumba, inakula umeme, na chumba hicho kiko mji fulani.

Umbali wa mji huo unaupata kwenye simu yako. Mwanga ndani ya mkongo wa baharini husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya mkongo kutoka kwetu hadi Ulaya Magharibi inakaribia kilomita 10,000, kwa hiyo kwenda na kurudi tu ni kama sehemu ya kumi ya sekunde. Utasema ni kidogo. Lakini ukurasa mmoja unataka safari nyingi: kuulizia jina la tovuti, simu na seva kusalimiana, kukubaliana siri, ndipo maandishi na picha vianze kuja. Na kabla mkongo wa Seacom haujawashwa Julai 2009, wengi tulikuwa tunapitia setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 angani. Waliokaa intaneti kafe enzi zile hawahitaji maelezo.

Dawa ilitoka chuo cha MIT, Marekani. Mwalimu wa hisabati Tom Leighton na mwanafunzi wake Danny Lewin walianzisha kampuni ya Akamai mwaka 1998. (Lewin aliuawa tarehe 11 Septemba 2001, ndani ya ndege ya kwanza iliyogonga majengo ya New York. Alikuwa na miaka 31.) Wazo lao hata Mangi wa mtaani kwenu analijua: hakuna anayepanda daladala mpaka Kariakoo kununua chumvi. Bidhaa inayotakiwa na wengi unaiweka nakala kwenye maduka mengi, kila mtu anahudumiwa jirani.

Sasa patamu ni hapa: mtandao unajuaje duka lililo karibu nawe?

Njia ya kwanza ni daftari la majina, yaani DNS. Ukiandika jina la tovuti, kuna seva inakuulizia namba yake. Kampuni yenye maduka inaangalia aliyeuliza yuko wapi, halafu inatoa namba ya duka la jirani. Tatizo ni kwamba mara nyingi haikuoni wewe, inamwona aliyekuulizia. Ni kama umtume shangazi aliyeko Tanga akuulizie duka lililo karibu, wakati wewe uko Mbagala. Ataelekezwa duka la Tanga! Mwaka 2016 ulichapishwa utaratibu unaomruhusu muulizaji kutaja sehemu ya anwani yako, lakini si wote wanaoutumia, na wengine wanaukataa makusudi kwa kulinda faragha ya mteja.

Njia ya pili inaitwa anikasti. Maduka yote yanatangaza namba ileile, na mitandao yenyewe inaamua ombi lako liende wapi. Mitandao haipimi kilomita. Inaangalia ombi litavuka mitandao mingapi, na zaidi ya hapo inaangalia mikataba: njia ipi ni nafuu, nani kakubaliana na nani. Kwa hiyo unaweza kuwa na duka barabara ya pili na bado ukatumwa ng'ambo, kwa sababu mtoa huduma wako na wa duka hilo hawajaunganisha waya hapa nyumbani. Ndiyo maana vituo kama TIX ya Dar vina maana kuliko watu wanavyodhani. Nairobi walianzisha chao, KIXP, mwaka 2000, mdhibiti akakifunga, kikarudi 2002.

Mimi somo hili lilinikuta kazini. Mei 12, 2024, siku ya Jumapili, nyaya mbili za baharini zinazotuhudumia zilikatika. Nilikuwa zamu. Video za mpira wa Ulaya kwenye simu yangu zilicheza vizuri tu. Tovuti yetu sisi, yenye habari ya barabara ya Temeke iliyoandikwa na mtu aliyekaa meza ya pili, haikufunguka. Fundi wetu hakushangaa: video zina nakala hapahapa mjini, ila seva yetu ilikuwa Ulaya, haina nakala popote.

Usinielewe vibaya, sina ugomvi na mpira. Kampuni kubwa zinaweka mashine zao hapa kwa sababu watazamaji ni wengi na hesabu inalipa. Kinachonikera ni kwamba gazeti la mjini ndilo lililokuwa mbali na wasomaji wake, siku ambayo wote walitaka kujua intaneti imepatwa na nini, na nakala zetu kukaa jirani ni jambo ambalo ofisi ndogo inaweza kulilipia. Baadhi ya huduma hizo zina ngazi ya bure kabisa.

Kama una kompyuta yenye Windows, fungua dirisha la amri, andika tracert, acha nafasi, kisha jina la gazeti unalolisoma kila asubuhi. Zitakuja hatua moja moja na milisekunde zake. Zikiruka ghafla kutoka chache hadi mia na ushee na kubaki huko, basi huenda habari yako ya mtaani imeshavuka bahari.