Lineti, Jumeli na Mama wa Munkoyo

Wandugu wasomaji, wale kati yenu wanaovaa lineti watanielewa upesi. Wengine wanivumilie kidogo, kwani jambo ninalotaka kuwaelezea linaonekana dogo kabisa: ni nafasi isiyopita upana wa kidole kati ya jicho na kioo.

Mimi navaa lineti, au miwani kama vitabu vinavyosema, tangu nilipokuwa kwenye masomo. Ya karibu naona, ya mbali yote ni moshi. Tena macho yangu yana kasoro ya pili, ile waganga wa macho wanaiita astigmatismu: uso wa jicho hauna mviringo sawasawa, basi mstari mmoja unatawanyika, unakuwa kama miwili.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi Kambove, na siku za likizo nilimfuata yaya wangu porini. Yeye ndiye mwindaji, mwenye bunduki na karatasi ya ruhusa kama sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 inavyotaka. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba maji na unga, na kutazama. Kwa ajili ya kutazama nilinunua jumeli sokoni, mkononi mwa mtu aliyekuwa anauza vyombo vya nyumba apate kurudi kwao. Ilikuwa kuukuu, ya chuma, imeandikwa 10x50. Niliipenda kwa sababu ilikuwa nzito. Nilidhani kitu kizito ni kitu kizuri! Nilipandisha lineti kwenye kipaji, nikatazama bati la nyumba ya mbali, nikaona misumari yake. Nikalipa.

Taabu ilianza porini. Nikitazama na lineti machoni, niliona kiduara kidogo tu katikati, kama mtu anayechungulia katika tundu la ufunguo. Nyama akitembea hatua mbili, amekwisha kupotea. Basi nikazoea kuvua lineti, kuziweka mfukoni, na kuzungusha gurudumu la jumeli mpaka pori litulie. Gurudumu lilisaidia ule ugonjwa wa kutoona mbali. Ile kasoro ya pili halikuigusa. Sikujua hayo. Nilifikiri kila mtu anaona vile.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 1996, inchi yetu ingali inaitwa Zaire. Baridi ya asubuhi, majani makavu, moshi wa pori lililochomwa jana. Tulikaa nyuma ya kichuguu tangu giza. Jua lilipoanza kutoka, niliona kitu cha rangi ya udongo chini ya miti ya miombo, ng'ambo ya kibonde. Kiliinama, kikainuka kidogo, kikainama tena.

Yaya akaninong'oneza: "Unaona nini, mudogo?"

"Mbawala. Iko inakula."

"Iko na pembe?"

Nikatazama tena. Pale kichwani niliona mistari miwili, mitatu, inacheza. Ningeweza kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa tayari. Hata leo sijui kwa nini nilisema: "Sioni muzuri, yaya."

Bunduki ilikuwa begani mwake. Yaya ana desturi moja aliyoipata kwa baba yetu: hapigi mpaka ameona kichwa na miguu. Akangoja. Nikapapasa mfuko kutafuta lineti, zikashikwa na uzi wa shati, nikazivuta. Kabla sijazivaa, ile mbawala ikasimama kwa miguu miwili, ikaokota kikapo, ikakiweka kichwani.

Alikuwa mama mmoja, amefunga kikwembe cha rangi ya kahawia, anachimba mizizi ya munkoyo.

Yaya alishusha bunduki, akatoa risasi, akaitia mfukoni. Hakunigombeza. Hakusema neno lolote, na hilo lilinichoma zaidi. Tukashuka kumsalimia yule mama. Akatuitikia vizuri, akatucheka kwa kuwa tumelala porini na hatuna hata kanga mmoja, halafu akatupa fungu la mizizi. "Mupelekee bibi zenu," akasema. Hakujua kitu, na hata leo hajui. Shemeji yangu alipika munkoyo siku ile ile. Yaya alikunywa kikombe, mimi sikuweza.

Kwa wiki nyingi nilisema kosa ni la macho yangu. Halafu nilimweleza fundi mmoja wa vyombo, mtu wa kazi za kupima ardhi, ambaye naye alivaa lineti. Alichukua jumeli yangu, akaielekeza kwenye mbingu nyeupe (si kwenye jua, hilo linaua macho), akashika kipande cha karatasi nyuma ya kioo cha kutazamia. Juu ya karatasi pakatokea kiduara cha nuru. Akasogeza karatasi polepole mpaka kiduara kikawa na ukingo safi, akapima kwa rula kutoka kioo mpaka karatasi. Milimetri 9.

"Angalia," akasema, "jicho lako linapaswa kukaa hapa penye karatasi, njo lione picha nzima. Sasa lineti zako ziko mbali na jicho milimetri 12 ao 14. Ongeza unene wa kioo chenyewe. Jicho lako haliwezi kufika hapa hata ukisukuma."

Hayo ndiyo maneno yaliyonifungua. Jumeli haikuharibika, wala macho yangu hayakuwa mabaya kuliko ya wengine wenye lineti. Nafasi ya jicho ilikuwa fupi tu. Mtu asiye na lineti anaweza kutumia jumeli ya milimetri 9 au 10 bila shida. Mwenye lineti atafute 16 kwenda juu. Kama vioo vyake ni vinene au vinakaa mbali na uso, 18 ni bora. Na mwenye astigmatismu asidanganywe na gurudumu, wala na ile pete ndogo ya jicho la kuume inayosawazisha macho mawili. Vyote viwili vinasogeza picha mbele na nyuma tu. Lineti zibaki machoni.

Tena mwindaji ana sababu nyingine ya kutozivua. Akishusha jumeli, pori lote linarudi kuwa moshi, na mkono wake uko karibu na bunduki.

Nilianza kuweka akiba. Ilichukua karibu miaka miwili, maana mnajua mishahara ya siku zile. Nikaenda Lubumbashi, katika magazini moja iliyokuwa na jumeli nne ndani ya sanduku la kioo. Mwenye kuuza alinisukumia ile yenye namba kubwa. Wengi wananaswa hapo: wanadhani 10 inapita 8 kwa kila jambo. Ile ya 10 inakuza zaidi, ndiyo, lakini mara nyingi nafasi ya jicho inapungua, mahali unapoona panakuwa padogo, na mkono ukitetemeka picha inatetemeka zaidi. Kulikuwa pia na moja ndogo ya mfukoni, 10x25. Nzuri kwa safari. Lakini gawanya 25 kwa 10, unapata kiduara cha nuru cha milimetri mbili na nusu, na asubuhi ya giza jicho linataka zaidi. Ile ya 8x42 inatoa milimetri tano na kitu.

Karatasi ya 8x42 ilisema milimetri 18. Hata hivyo sikuiamini mpaka nimeijaribu, kwani yule fundi alinionya: namba ile inapimwa kutoka kwenye kioo, na kioo mara nyingi kimezama ndani ya pete, basi milimetri mbili tatu zinaliwa bure. Nikakunja raba za macho mpaka chini, nikavaa lineti zangu zile zile za kila siku, nikatoka mlangoni, mwenye duka akinifuata kwa hofu kama mwizi. Nikatazama ubao wa duka la ng'ambo ya barabara. Nilitafuta jambo moja tu: ukingo mweusi wa duara, mkali, kuzunguka pande zote. Niliuona wote. Nikahesabu herufi za ubao, za kwanza mpaka za mwisho, pasipo kugeuza kichwa. Wandugu, nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, lakini nilisimama pale barabarani machozi yakinitoka.

Yule mtu alifikiri nalilia bei.

Kijana asiye na uwezo wa kununua mpya asikate tamaa, jumeli za zamani zinapatikana. Ile ya Zeiss yenye herufi B nyuma ya namba, kwa mfano 8x30B, ilitengenezwa kwa ajili ya wavaa lineti. B ni neno la Kijerumani la miwani. Nyingine zimechorwa picha ndogo ya lineti. Na pasipo alama yoyote, kipande cha karatasi na rula vinatosha.

Yaya sasa ni mzee, miguu imekataa pori, na bunduki hana tena. Jumeli ingali nyumbani kwangu, raba ya kushoto imepasuka kidogo. Mjukuu wangu haivai lineti. Yeye akitazama raba zikiwa zimekunjwa, anaona mawingu meusi yanapita pita, kwa kuwa jicho lake liko karibu mno. Basi anazivuta juu ndipo anaona sawa. Kila asubuhi anatazama ndege kwenye mwembe, anairudisha msumarini raba zikiwa juu. Nami naja nyuma yake, nazikunja.