Sinki la mama

Najua nimepotea. Tangu tumalize mitihani ya mwaka wa pili sijaandika hata mstari mmoja, na kuna watu wamenitumia meseji kuuliza kama nimeolewa. Sijaolewa jamani! Nilikuwa nyumbani Buseresere, TP ikanimaliza nguvu, halafu likaja suala la sinki. Ndiyo, sinki la kuoshea vyombo. Msicheke kwanza, kaeni chini.

Kwa wale ambao nikitaja Buseresere mnauliza ni nchi gani: ukitoka Mwanza unavuka Kigongo kwenda Busisi (sasa hivi ni daraja, lilifunguliwa Juni 19, 2025, zile foleni za kivuko tutawasimulia wadogo zetu), unapita Sengerema, Geita mjini, Katoro, na kabla hujajua kama umetoka Katoro tayari uko kwetu. Miji yenyewe imeshikana, ila Katoro ni Geita na sisi ni Chato. Mimi nimezaliwa 2003 na cheti changu kinasema Biharamulo, Kagera. Sijawahi kuhama nyumba, ila wilaya na mkoa vimenihama.

Mama anauza chakula kwenye karavani. Lilikuwa la kambi ya watu wa utafiti wa madini, wale wanaokuja na mitambo ya kuchoronga, wanakaa porini miaka miwili mitatu, wakimaliza wanauza kila kitu mnadani mpaka vijiko. Baba alikuwa dereva wao. Akalinunua, akalivuta mpaka karibu na stendi, akalipandisha juu ya matofali, akatoboa dirisha la kuhudumia wateja. Kwa sababu ni jeupe na mbele limechongoka, wateja waliliita Ndege na jina likakaa. "Tukutane kwenye Ndege" maana yake wali maharage au chipsi kwa mama. Baba alifariki 2019. Ndege ndiyo imetulisha tangu hapo.

Sinki lake la kwanza lilikuwa la plastiki, lilipasuka baba akiwa hai. Fundi akachonga lingine kwa bati la alumini, akalikunja vizuri, akalipiga ripiti. Hilo ndilo nililolikuta Agosti likivuja. Mama alikuwa ameweka ndoo chini yake, na mbao za sakafu zilikuwa zimeanza kulainika, ukikanyaga zinabonyea. Bwana afya alikuwa ameshapita, kampa mama siku 14 arekebishe au afunge.

Nikajitia ubabe. Hela ya TP ilikuwa imebaki kidogo, nikasema mama tulia, hii kazi ya mtoto wako. Nilienda Katoro nikanunua sinki la stenlesi la bakuli moja, sentimita 50 kwa 40, koki moja, mpira wa kutolea maji na tyubu ya silikoni. Muuza duka akaniuliza fundi wako nani, nikamjibu kwa kiburi kabisa kwamba fundi ni mimi. Akacheka mpaka akakohoa.

Mdogo wangu wa kiume ndiye alikuja kunisaidia. Ana miaka 20. Aliacha shule kidato cha tatu akaenda kwenye makarasha upande wa Rwamagasa, na kwa kweli mimi na yeye tangu hapo tulikuwa tunasalimiana tu. Nikirudi likizo namwambia arudi hata QT, ananiita "ticha" kwa ile sauti ya dharau, mazungumzo yanaishia hapo. Siku hiyo alikuja na msumeno, hakusema kitu, akaanza kufungua ripiti.

Sinki la zamani lilipotoka tu, nikaona kitu cha ajabu. Kuzunguka tundu lililokuwa linavuja kulikuwa na nywele nyeupe. Sitanii, nywele, kama ukungu wa mkate, zimesimama kwenye bati. Ukigusa zinageuka unga. Na bati pale lilikuwa limekuwa kama biskuti, unalibonyeza linavunjika. Nikadhani ni sabuni ya unga, au chumvi. Mdogo wangu akasema "kutu hiyo". Nikamwambia alumini haipati kutu ya hivyo.

Halafu nikafungua lile kopo la chini, ambalo mafundi wanaliita trepu, linaloshika maji ili harufu isirudi. Nikalimimina kwenye beseni nikitegemea mafuta na punje za wali. Vikatoka mafuta, punje za wali, na vitone vya fedha vinavyokimbizana chini ya beseni.

Wadau, mimi ni mwalimu mtarajiwa wa Kemia. Wiki ile ile nilikuwa nimewachorea kidato cha pili jedwali la elementi ubaoni, nikawaambia kuna metali moja ambayo ni kimiminika kwenye joto la kawaida, ina uzito mara 13.6 ya maji, hatuna ya kuwaonyesha, mtaniamini tu. Na sasa iko kwenye beseni la mama yangu.

Zile nywele nikazielewa hapo hapo. Alumini inajilinda kwa ngozi nyembamba sana ya oksidi. Mama anasugua masufuria humo kila siku, bati limejaa mikwaruzo, zebaki ikaingia chini ya ile ngozi. Ikishaingia, alumini inaungana na oksijeni bila kupumzika, inaota hivyo mpaka inatoboka. Ndiyo maana abiria haruhusiwi kupanda ndege na zebaki, maana ndege yenyewe ni alumini. Nikafikiria hilo nikiwa ndani ya Ndege yetu, nikashindwa hata kucheka.

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa ameacha kufanya kazi.

"Ulikuwa unakamulia humu?"

"Mara chache."

"Mara chache ngapi?"

"Dada, usiku tu, mama akishafunga. Kule ukikamua mbele za watu kila mtu anadai chake."

Kwa msiojua: ananunua marudio, yaani ule mchanga ulioshasagwa na kuoshwa mara ya kwanza, anauosha tena, anachanganya na zebaki ili ishike vumbi la dhahabu lililobaki. Lile donge unalikamua kwenye kitambaa, zebaki ya ziada inatoka. Kisha unachoma, zebaki iliyobaki inapaa na dhahabu inabaki. Kukamua kunahitaji maji, mwanga na faragha. Karavani ina vyote vitatu.

Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa. "Na kuchoma ulichomea wapi?"

Hakujibu. Akaangalia ukutani palipokuwa pananing'inia kikaango kidogo cha mama, kile cha kukaangia mayai.

Nilimfokea jamani. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Mtoto wa dada yetu ana mwaka na nusu, anashinda humo ndani, mchezo wake mkubwa ni kukaa chini ya lile sinki kugonga ndoo na kijiko. Moshi wa zebaki hauna rangi wala harufu, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Nikamwambia habari za Minamata kule Japani, watu waliokula samaki wenye zebaki miaka ya 1950, watoto waliozaliwa wamepooza, mpaka mkataba wa dunia wa 2013 ukapewa jina la mji huo. Nikamwambia Rwamagasa yenyewe ilishaletewa mradi wa Umoja wa Mataifa wa zebaki miaka ya 2000, wazee wa kule wanajua, yeye nani asijue! Nilikuwa nahutubia kabisa kama niko mbele ya darasa.

Akaniacha nimalize. Halafu akasema taratibu, "Ticha, mwaka wa kwanza, kabla bumu halijaingia, ile laki nne na nusu ya kuanzia ulidhani imetoka wapi? Kwenye chipsi?"

Mama aliniambia amekopa kikoba.

Sikuwa na la kusema. Nilikaa kwenye dumu la maji nikaangalia lile beseni. Nilikumbuka nilivyonunua godoro la hosteli kwa ile hela, na sufuria mbili, na nikabakiwa na chenji nikaenda kula kuku na marafiki zangu (mnajijua). Mtu alikuwa amevuta ule moshi ili mimi nikajifunze kwamba ule moshi ni mbaya.

Basi tukaendelea na kazi, maana siku 14 za bwana afya zilikuwa hazisubiri mtu kulia. Tulimtoa kila mtu, tukafungua mlango na madirisha yote. Zebaki huifagii, ukifagia unaipasua vipande vidogo na kuitawanya. Nilikata jalada la daftari langu la TP nikapata kadi mbili ngumu, tukawa tunavisukuma vitone vikutane, huku yeye ameshika tochi chini kabisa sakafuni ili ving'ae. Vile vidogo tuliviokota kwa selotepu. Vyote vikaingia kwenye chupa yenye maji kidogo juu yake, tukafunga kifuniko. Kapeti la plastiki tukaling'oa lote pamoja na mbao zilizolainika. Haikujaa hata kijiko cha chai, lakini ukiinua ile chupa mkono unashtuka.

Kazi ya sinki lenyewe ilichukua siku mbili. Nilikuwa nimepanga kupima kwa rula, yeye akaligeuza sinki juu chini kwenye plaiwudi, akachora kwa penseli kulizunguka, kisha akachora mstari wa pili sentimita moja ndani ya ule wa kwanza. Shimo 48 kwa 38, ukingo unabaki wa kulalia. Rahisi hivyo, na mimi nina A ya Hesabu. Kona ya kwanza nilikata mimi nikapitiliza, ile alama bado ipo chini ya silikoni. Tatu zilizobaki alikata yeye. Tukaweka fremu ya mbao chini, kwa sababu lile sinki la alumini lilikuwa linaning'inia kwenye ripiti tu, ukiweka sufuria la maharage linacheza. Tukapaka silikoni, tukakaza vibano, tukafunga trepu mpya na mpira wenye mteremko hadi nje. Tukaziba tundu, tukajaza maji mpaka juu, tukakaa tunakodoa macho chini kama watu wanaosubiri matokeo. Kisha tukazibua. Palikuwa pakavu.

Stenlesi haisumbuliwi na zebaki, kwani chuma hakishikani nayo, toka zamani inasafirishwa kwenye chupa za chuma. Nilimwambia hivyo mdogo wangu kisha nikajuta haraka, nikaongeza kwamba hiyo siyo ruhusa.

Mama tulimwambia usiku ule wa kwanza. Nilitaka nimwambie mimi kwa upole, mdogo wangu akasema hapana, akamwambia mwenyewe amesimama mlangoni. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akamvuta mjukuu wake, akamshika kichwa kama anayepima homa. Akauliza, "Huyu je?" Kesho yake tulimpeleka kituo cha afya, daktari akasema haoni dalili yoyote, ila kipimo cha zebaki kwenye mkojo pale hakuna, tutafute hospitali kubwa. Mama kasema akiuza wiki mbili watakwenda. Kile kikaango hakukitupa jalalani, alikitoboa kwa msumari kwanza ili asikiokote mtu. Kuhusu laki nne na nusu hajasema neno mpaka leo, wala mimi sijamuuliza.

Imebaki chupa. Mimi nilitaka tuikabidhi, ila kila niliyemuuliza aikabidhi nani alinitazama kama nimechanganyikiwa. Mdogo wangu alisema, "Hiyo ni hela, dada." Alikuwa ameacha kuniita ticha. Tulibishana siku tatu. Mwisho nilirudi Katoro kwa yule muuza duka aliyenicheka, nikanunua viungo vya bomba la chuma tupu, lisilopakwa zinki, na kipande cha bomba jembamba. Ukivifunga vizuri unapata retoti: donge linachomwa ndani kimefungwa, mvuke unapita kwenye bomba na kupozwa, zebaki inarudi kwenye maji badala ya kuingia kifuani. Tuliijaribu porini, mbali na watu, tumesimama upande unaotoka upepo. Ilifanya kazi. Akasema inachelewesha. Nikamwambia ndiyo, inachelewesha. Nikampa chupa.

Sijui kama nilifanya sawa. Wenzangu wa Kemia mkinisoma naomba mniambie, hata mkinisema sawa tu.

Jana mama kapiga simu nikiwa njiani natoka kipindi, Chang'ombe jua kali, sisikii vizuri kwa sababu ya daladala. Anasema bwana afya alirudi, akafungua koki, akachungulia chini, akaandika kwenye daftari lake akaagiza wali samaki. Sinki halivuji. Nikamuuliza mdogo wangu yuko wapi. Akasema yuko Rwamagasa, aliondoka alfajiri, na lile dude la mabomba hakulikuta pale lilipokuwa limewekwa, kwa hiyo atakuwa ameenda nalo.