Kipimo cha Pumzi ya Motokaa

Motokaa hula mafuta, lakini mafuta peke yake hayawaki. Hapana budi yachanganyike na hewa. Hewa hiyo injini huivuta yenyewe. Kila pistoni ishukapo ndani ya silinda hufanya kama mtoto anywaye maji ya dafu kwa mrija. Ukiuziba mrija kwa kidole huku ukivuta, mashavu yako huingia ndani, kwa sababu hewa ya kinywani imepungua. Ndivyo ilivyo injini ingurumapo na motokaa imesimama: kilango cha hewa karibu kimefungwa, pistoni zavuta, na hewa iliyo nyuma ya kilango huwa haba. Kipimo cha mvuto hutuonyesha uhaba huo kwa mshale.

Motokaa ya shule yetu, hapa Iringa, ni ya petroli, nayo haina turbo, yaani haina kipulizo cha kuisukumia hewa. Kwa hiyo kipimo cha mvuto peke yake chatosha. Tulikitia sisi wenyewe, mimi na dereva, injini ikiwa imepoa. Tulitafuta mpira mwembamba utokao katika bomba la kuingizia hewa, nyuma ya kilango. Mpira wa breki hatukuugusa, maana breki za motokaa nyingi husaidiwa na mvuto uo huo, na uhai wa watu si kitu cha kujaribia. Tuliukata ule mwembamba, tukatia kiungo cha njia tatu, tukaunga mpira mpya wa kwenda kwenye kipimo. Tuliupitisha mbali na bomba la moshi, usiungue, na mbali na feni, usikatwe. Mwisho tulikaza vibano, kwa maana hewa ikipenya hata katika ufa mdogo, kipimo husema uongo.

Tukawasha. Mshale ukapanda, ukatulia penye 14.

Fundi mmoja aliyekuwapo akatikisa kichwa. "Mwalimu," akasema, "injini nzima huonyesha kati ya 17 na 21. Hii imechoka, yafaa ifunguliwe yote." Gharama aliyoitaja ilizidi fedha tulizoweka za kununulia madawati. Tena motokaa hiyo ndiyo ichukuayo wagonjwa usiku. Ikifunguliwa, nani atawachukua? Sikumdharau fundi, maana hesabu aliyoitaja ni ya kweli. Lakini nilijiuliza, ni ya kweli mahali gani?

Zamani, katika miaka ya 1640, Mwitalia Evangelista Torricelli alifahamu ya kuwa hewa ina uzito, nao waweza kushikilia zebaki katika mrija wa kioo kwa kimo cha inchi 30 hivi. Mwaka 1648 Mfaransa Blaise Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande na zebaki hiyo mlima uitwao Puy de Dôme. Huko juu zebaki ilishuka ndani ya mrija, kwa kuwa hewa ya mlimani ni haba kuliko ya bondeni. Kipimo chetu nacho huhesabu kwa inchi hizo hizo za zebaki.

Basi nikaiandika hesabu ubaoni, mbele ya darasa. Pwani hewa ya nje ni yapata inchi 30. Kwa kila mita 300 upandazo hupungua yapata inchi moja. Iringa iko yapata mita 1,500 juu ya bahari. Basi hewa yetu ni inchi 25. Nao mshale huonyesha tofauti iliyopo kati ya hewa ya nje na hewa ya ndani ya bomba. Ishirini na tano toa 14, ndani yabaki 11. Injini hiyo hiyo ikiwa pwani, 30 toa 11, mshale utaonyesha 19. Hiyo ni injini nzima! Tena mshale wetu haukutikisika, na valvu iliyoungua huufanya mshale uruke-ruke.

Hatukuifungua. Mwezi uliofuata motokaa ilishuka Dar es Salaam kuchukua vitabu, na dereva aliagizwa autazame mshale injini ikiwa imepata moto na motokaa imesimama. Alirudi na kikaratasi kilichoandikwa 19. Fundi alipokiona alicheka, akanipa mkono, akainakili hesabu yote katika daftari lake ili imfae siku nyingine. Madawati tulinunua, nayo ndiyo mnayokalia sasa.

Wanafunzi, wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Mtu akikuletea hesabu, usiikatae, wala usiipokee mbio. Muulize kwanza imepimwa wapi, kisha utazame wewe umesimama wapi.