Kigari cha Mtoto kwa Njia za Mawe na Mizizi

Wasomaji wetu pengine watastaajabu kuona ukurasa wa nyumbani umeshughulishwa mwezi huu na magurudumu. Walakini jamaa zetu wa Unguja na Masqat wametuuliza mara nyingi kwa nini tulitoa fedha nyingi kununua kigari cha mtoto, na kwa nini kigari chenyewe ni kizito, kina magurudumu kama ya baiskeli, wala hakifanani na vile vya kupendeza vinavyowekwa mbele ya maduka. Tumeonelea bora tuwajibu wote pamoja, kwani huenda sababu zetu zikawafaa na wengine walio katika hali kama yetu.

Sisi, mume na mke, twakaa Sheffield katika Uingereza, mji uliojengwa juu ya vilima, wala hatuna hapa mama wala dada wa kumwachia mtoto. Katika mwezi wa saba wa mimba mama wa mtoto wetu alipimwa, akaonekana ana sukari ya mimba. Sukari hiyo kwa kawaida huondoka baada ya kujifungua, na yake iliondoka, alhamdulillahi. Lakini huacha nyuma khatari yake. Hesabu za tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja mwaka 2020 zilionyesha kuwa mwanamke aliyepata sukari ya mimba ana khatari karibu mara 10 zaidi ya wenziwe ya kuja kupatwa na sukari ya ukubwani. Na nyumbani kwao maradhi hayo hayahitaji kuelezwa: mama yake anayo, na khalati yake alikatwa mguu kwa sababu yake. Mkunga alimwambia wazi kwamba kinga yake ni chakula na mwendo: kila juma dakika 150 za kutembea upesi, au dakika 75 za kukimbia. Yeye tangu usichana alikuwa mkimbiaji, akapenda kukimbia. Baba wa mtoto naye hufanya kazi usiku na kulala asubuhi. Basi likabaki swali moja tu: mama akimbiapo, mtoto atakuwa wapi?

Mama yetu wa Unguja alipopata khabari ya kigari hakupendezwa nayo. Alisema katika simu, "Wanangu, nyinyi nyote mmelelewa kwa mbeleko, na mgongo wangu haukudai hata senti." Tukamjibu, "Ni kweli, Mama, na sisi twambeba vivyo hivyo nyumbani na sokoni. Lakini mbeleko ni ya mtembezi, si ya mkimbiaji." Mtu akikimbia, mwili wake huinuka na kushuka kila hatua, na mtoto aliyefungwa mgongoni au kifuani hupata mshindo ule ule, kichwa chake kizito kikitikisika juu ya shingo changa. Katika kigari kilicho chema mshindo wa miguu ya mama haumfikii mtoto. Humfikia ule wa ardhi peke yake, nao waweza kupunguzwa kwa mipira na springi. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, lakini ngojeni shingo ikaze."

Na wataalamu husema maneno hayo hayo. Waganga na watengenezaji wa vigari vya kukimbilia hutaka mtoto awe ametimiza angalau miezi 6, na baadhi ya watengenezaji husema 8 au 9, aweze kuketi na kukizuia kichwa chake mwenyewe. Kwa upande wa mama, mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2019 kwa wanawake wanaorejea mbioni baada ya uzazi hushauri asianze kabla ya majuma 12, na huenda akahitaji zaidi. Hivyo miezi 6 ya kwanza tulikwenda matembezi tu, katika njia zilizo sawa, mtoto amelazwa chali. Kungoja huko hakukutugharimu kitu, na kulitupa wakati wa kuchagua bila ya pupa.

Jambo la kwanza tulilotaka kulijua ni hili: kigari kilikusudiwa kufanya nini? Mwaka 1965 Owen Maclaren, mhandisi wa Kiingereza aliyewahi kushughulika na miguu ya kutulia ya ndege za Spitfire, alibuni kigari chepesi cha alumini kinachokunjika kama mwavuli, kisichofika kilo 3. Makusudio yake yalikuwa kubebwa, kupanda ngazi na kuingia ndani ya ndege, na kwa kazi hiyo ni kizuri mno. Miaka 19 baadaye, mwaka 1984, mwandishi wa gazeti mmoja wa Yakima, Marekani, Phil Baechler, alitaka kukimbia pamoja na mwanawe mchanga, akakitia kigari cha kawaida magurudumu ya baiskeli. Hapo ndipo jamii hii ya pili ilipoanza kupata soko. Aina zote mbili huitwa vigari, na dukani hupangwa safu moja, lakini moja haiwezi kazi ya nzake.

Na siku hizi kuna aina ya tatu, ambayo ndiyo ya kuangaliwa sana. Nayo ni ile yenye magurudumu matatu na sura ya ushujaa, ambayo ndani yake ni kigari cha sakafu tu. Kanuni ya vigari ya Ulaya, ijulikanayo kwa namba EN 1888, yataka kigari kisichotengenezwa kwa mbio kiwe na onyo kwamba hakifai kukimbilia wala kutelezea kwa viatu vya magurudumu. Katika duka moja la mjini kijana muuzaji alitusifia kigari cha namna hiyo, akasema hupita popote. Tulikipindua, tukamwonyesha maandishi ya onyo. Nadhari yake ilikuwa kwenye rangi na mifuko. Alitwambia kwa adabu kwamba hajapata kuyasoma. Tangu siku hiyo, kila tulipokwenda, tulianza kwa kukipindua kigari kabla ya kuuliza bei.

Njia yetu hutoka bustani ya Endcliffe, ikafuata kijito cha Porter Brook, ikapita Shepherd Wheel, karakana ya kale iliyokuwa ikinoa visu kwa nguvu ya maji, hata kufika bwawa la Forge Dam. Mahali pengine ni lami, pengine changarawe, na chini ya miti ni udongo na mizizi mitupu, na mvua ikinyesha huwa matope. Gurudumu linalokutana na mzizi ama lipande ama likwame. Lililo dogo hugonga mzizi kama linavyogonga ukuta, na kwa kuwa kigari husukumwa kwa nyuma, nguvu ya msukumaji hulikandamiza chini badala ya kulipandisha. Kigari husimama ghafla, na mwili wa mtoto huendelea mbele mpaka uzuiwe na mikanda. Kubwa hupanda mzizi ule ule taratibu. Chetu kina magurudumu ya inchi 16 nyuma na 12 mbele, tena ni ya mipira ya pumzi. Kuna yenye mpira mgumu usiotoboka, nayo huondoa taabu ya pancha, lakini mpira wa pumzi hubonyea juu ya jiwe na kuumeza mtikisiko ambao ule mgumu humpelekea mtoto. Sisi tulichagua pancha. Pampu ndogo na tyubu moja ya akiba havichukui nafasi.

Gurudumu la mbele ndilo lililotuchosha kwa mashauriano. Linalogeuka huku na huku lafaa sana mtu akitembea sokoni, kwani kigari hukata kona kwa mkono mmoja. Lakini kwa mwendo wa mbio huanza kutikisika lenyewe, na likikutana na kijiwe hugeuka upande na kukipindua kigari. Kwa hiyo la kukimbilia ni lazima liwe limekazwa lielekee mbele tu, au liwe na komeo la kulikaza. Sisi tulitaka lenye komeo, kwa kuwa hatukuwa na uwezo wa kununua vigari viwili. Likishakazwa, kigari hakikati kona ila mtu abonyeze mkono wake chini kidogo, mbele kunyanyuke, kisha akigeuze. Siku tatu zatosha kulizoea.

Kwa kujaribu tulitumia gunia la mchele la kilo 10, tukalifunga mikanda mahali pa mtoto. Mikanda yenyewe iwe ya ncha tano, ya mabega mawili, ya kiuno mbili, na ya katikati ya miguu. Kigari kitupu huenda vizuri kila mahali. Kilichopakiwa hutoa siri zake. Tulikitia breki juu ya mteremko tukakiacha, nacho hakikusogea. Tulikiendesha mteremkoni kwa breki ya mkono, ambayo si vigari vyote vilivyo nayo, na katika mji wa vilima twaiona ni ya lazima. Tulitazama kama una mkanda wa kufunga kwenye kifundo cha mkono, ili mtu akijikwaa kigari kisimkimbie. Watu hupenda kuudharau mkanda huu kwa kuwa ni utambaa tu. Mama wa mtoto alijikwaa mara moja karibu na Forge Dam, akaanguka magoti. Kigari kilisimama urefu wa mkono mbele yake, na mtoto hakuamka.

Liko jambo ambalo hatukuliona likielezwa katika matangazo ya wauzaji, nalo lawakhusu wanawake wetu khasa. Anayekimbia kwa vazi refu hurusha pindo mbele kila anapopiga hatua, na vigari vingi vina chuma cha ekseli ya nyuma karibu na miguu. Pindo laweza kuingia katika gurudumu. Basi tulipima kwa kukimbia kwelikweli, kwa mavazi yale yale atakayovaa, hata barazani kwa watu wakitutazama, tukavikataa vigari viwili kwa sababu hiyo peke yake. Mkono wa kigari unaopandishwa na kushushwa husaidia, kwani humwezesha mtu kusimama wima na kuiacha miguu nafasi. Mifuko ya sokoni isitundikwe kwenye mkono huo. Mtoto akitolewa, kigari huanguka nyuma, na akiwamo, huanguka naye.

Bei ya kigari kipya cha namna hii hapa ni mamia ya pauni, nasi hatukupenda kuingia deni kwa ajili yake. Tulitafuta kilichotumika. Mwenye kununua kilichotumika na atazame sana jinsi gurudumu la mbele linavyofungwa. Viko vigari ambavyo gurudumu hilo hufungwa kwa kono la kukaza na kulegeza upesi, kama la baiskeli za mashindano, na kono hilo lisipokazwa barabara gurudumu huchomoka mbioni. Mwaka 2018 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilimshtaki mtengenezaji mmoja kwa jambo hili, baada ya malalamiko yapata 200 tangu mwaka 2012, na watoto na wazazi walikuwa wameumia. Shauri lilimalizika mwaka huo huo kwa mapatano, wenye vigari wakapewa njia ya kupata vifaa vya kubadili kono lile. Kabla ya kununua tulitafuta jina na mwaka wa kigari katika orodha za serikali za bidhaa zilizotolewa kasoro, kisha tukaling'oa na kulirudisha gurudumu mbele ya muuzaji, mara tatu. Alikuwa mtu mstahimilivu, Mungu amjazi kheri. Tulipima pia upana wa mlango wetu, na yafaa kila mtu afanye hivyo, kwa sababu jirani yetu mmoja hukilaza chake ukumbini kwa kukivua magurudumu kila jioni.

Ndugu zetu wa Masqat na wa pwani wana taabu ambayo hapa hatuna. Huko wengi humfunika mtoto kigarini kwa kitambaa chembamba apate kivuli. Mwaka 2014 gazeti la Svenska Dagbladet la Sweden lilipima: kigari kisichofunikwa kilikuwa na joto la nyuzi 22, na kilipofunikwa kitambaa chembamba kikafika 34 kwa nusu saa na 37 kwa saa moja. Na hiyo ni Sweden! Kivuli kiwe cha paa la kigari, lililo wazi mbele na ubavuni, na mbio ziwe baada ya alfajiri. Kwetu shida ni kinyume chake. Mama hutoka jasho na kudhani kuna joto, na mtoto ameketi tu akipigwa na upepo. Kwa hiyo yeye huvikwa nguo moja zaidi, na kila tufikapo Shepherd Wheel hushikwa shingo kuona kama ni ya baridi.

Sasa mtoto ana mwaka na miezi minne. Mama yake hukimbia mara tatu kwa juma, na kipimo chake cha damu cha mwaka kilirudi salama. Cha pili ni mwezi ujao. Mipira ya nyuma tumeibadili mara moja. Jirani yetu Msomali, aliyejifungua miezi minne iliyopita naye pia alikuwa na sukari ya mimba, hukiazima siku za Jumanne, nasi tumelifungua komeo la gurudumu la mbele ili atembee nacho tu mpaka miezi miwili ipite.