Nisapote Ekipe Gani? Safari Katika Miji ya Mupira ya Uingereza



Kisha mazoezi ya koro, binti mumoja wa kanisa letu aliniuliza: "Pastere, miye ndiyo naanza kuangalia mupira ya Uingereza. Wenzangu bote beko na ekipe. Nisapote gani?" Mbele sijafungua kinywa, wenzake walimujibu kwa nguvu. Mumoja: Arsenal. Mwingine: Manchester. Mwingine: Liverpool. Na sababu ya wote ilikuwa moja tu: "Ile inashindaka!"

Ulizo hili si la kuchekwa. Katika miji yetu ya migodi, siku ya posho mangaribi, nyumba za video zinajaa kuliko soko. Kuna ndugu wa tumbo moja ambao hawasemezani juu ya goli moja lililotiwa mbali sana na kwao. Kuna baba anayetoka ku shimo na franga za juma nzima, anapita kwanza kwenye meza ya pari, anafika nyumbani mikono mitupu. Jambo linaloweza kula unga wa watoto, ni vizuri tujue asili yake.

Nilipata nafasi ya kufika Uingereza kwa kazi ya kanisa. Siku za kupumzika nilizitumia kutembelea miji ambayo majina yake tunayasikia kila juma. Sikuingia kutazama mchezo hata mumoja, maana tikiti ni bei kali. Nilitaka kuona muji wenyewe na watu wake. Nawaeleza niliyoona na niliyojifunza, ili mutu anayeanza achague kwa akili.

WAFUA-CHUMA, WASHEMINO NA WAIMBAJI

Jambo la kwanza ni hili: nyingi za ekipe hizi kubwa hazikuanzishwa na matajiri. Zilianzishwa na watu kama sisi.

Katika London, upande wa kusini wa muto Thames, kuna kartie inayoitwa Woolwich. Hapo serikali ilikuwa na kiwanda kikubwa cha mizinga na risasi. Mwaka 1886 wafanyakazi wa atelie moja ya kiwanda kile walianzisha ekipe yao. Ndiyo Arsenal ya leo. Jina lenyewe maana yake ni gala la silaha, na ndiyo sababu ya ule muzinga ulio kwenye alama yao. Mwaka 1913 walihamia kaskazini ya London, lakini muzinga wao waliubeba.

West Ham nayo ilitoka kwa wafanyakazi wa kiwanda cha kutengeneza meli, mwaka 1895. Tazama alama yao: nyundo mbili. Wale waliofurahi mwaka 2025 kumuona Aaron Wan-Bissaka akivaa jezi ya Leopards, wajue kwamba alitoka katika ekipe ya wafua-chuma. Manchester United je? Mwaka 1878 ilikuwa ekipe ya watu wa shemendefere wa Newton Heath. Watu wa Lubumbashi hawatashangaa, maana Lupopo wetu nao tunawaita Cheminots.

Tena kuna ekipe zilizozaliwa kanisani. Aston Villa ya Birmingham ilianza mwaka 1874 na vijana wa kanisa la Wametodisti. Southampton ilianza mwaka 1885 na vijana wa kanisa la St Mary's, na mpaka leo wanaitwa Watakatifu, hata siku wanapocheza vibaya! Manchester City ilitoka mwaka 1880 katika kanisa la St Mark's, kartie ya West Gorton, mahali pa umaskini, pombe na mapigano ya vijana. Watu wa kanisa walitafuta kazi nzuri ya kuwapa vijana mikono na miguu. Kwetu pia ilikuwa vile: TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto kwa ajili ya vijana wa shule yao.

Katika muji wa Liverpool, Everton ilianza mwaka 1878 katika kanisa la Wametodisti la St Domingo. Vijana walikuwa wanacheza kriketi wakati wa joto, wakatafuta muchezo wa wakati wa baridi. Kisha ekipe ikakua, ikachezea kiwanja cha Anfield. Mwenye kuongoza mambo ya kile kiwanja alikuwa John Houlding, tajiri wa kutengeneza pombe. Wakagombana naye juu ya bei ya kupanga. Mwaka 1892 Everton wakatoka, wakajenga kiwanja kingine karibu tu, ng'ambo ya bustani ya muji. Houlding akabaki na kiwanja bila wachezaji. Akaanzisha ekipe mupya, na ndiyo Liverpool. Sisi watu wa makanisa tusicheke sana. Tunajua namna ugomvi wa nyumba moja unavyozaa nyumba mbili.

PASTERE WA BARNSLEY

Kutoka London nilipanda treni kwenda kaskazini, mpaka inchi ya makaa ya mawe. Muji wa Barnsley si mukubwa, na vijana wetu wengi hawajausikia. Lakini kwangu ulikuwa kama kufika kwa jamaa.

Hapo, mwezi wa 12 mwaka 1866, mugodi wa Oaks ulilipuka. Siku ya pili, wakati watu walikuwa wameshuka kuokoa wenzao, ulilipuka tena. Watu zaidi ya 360 walikufa. Hakuna mugodi mwingine wa Uingereza wenyewe ulioua watu wengi vile kwa mara moja. Watu wa Kolwezi wanaokumbuka Kamoto mwaka 1990 hawahitaji maelezo marefu.

Katika muji huo mwaka 1887 muchungaji kijana, Tiverton Preedy, alianzisha ekipe ya mupira kwa jina la kanisa lake, St Peter's. Wanasimulia kwamba mbele alikuwa na watu wa rugby, akawaacha kwa sababu walikubali kucheza siku ya Ijumaa Kuu. Ekipe yake ikawa Barnsley FC. Wakristo wanaosema kwamba mupira ni kazi ya shetani tu, wamukumbuke huyu.

Barnsley walishinda Kombe la FA mara moja, mwaka 1912. Katika Premier League walicheza musimu mumoja peke yake, ule wa 1997 na 1998, wakashuka. Leo migodi imefungwa, lakini kiwanja chao cha Oakwell kinasimama palepale. Babu, mwana na mujukuu wanaingia pamoja. Hawangojei kombe. Wanaenda kwa sababu ekipe ni yao.

TAA YA SUNDERLAND

Safari yangu ilimalizikia Sunderland, kaskazini kabisa, kwenye bahari. Kutoka London mpaka Newcastle ni karibu saa tatu kwa treni ya mbio, kisha unachukua treni ndogo ya muji. Unashuka kwa kituo kinachoitwa St Peter's, kwa jina la kanisa la zamani sana lililo karibu, lililojengwa mwaka 674. Kutoka hapo unaona kiwanja cha mupira juu ya muto Wear.

Kile kiwanja kimejengwa juu ya mugodi. Wearmouth ulikuwa mugodi wa mwisho wa makaa katika inchi ile ya Durham. Ulifungwa mwezi wa 12 mwaka 1993. Viwanda vya meli vya muji vilikuwa vimekwisha kufungwa mwaka 1988. Basi muji ulipoteza meli na makaa kwa muda mufupi. Sisi tulioona Gécamines inaanguka tunajua maana yake: mushahara unakatika, duka linafunga, vijana wanaondoka.

Mwaka 1997 wakafungua kiwanja kipya mahali pa mugodi, wakakiita Kiwanja cha Nuru. Ni kwa kumbukumbu ya wachimbaji waliotoka kila siku gizani wakarudia mwangaza. Inje ya kiwanja walisimamisha taa kubwa ya muchimbaji. Nilisimama mbele ya ile taa kwa muda murefu. Nilifikiri juu ya wale wetu wanaoshuka bila taa nzuri, bila kofia, na ambao hakuna mutu anayewasimamishia kitu.

Karibu na hapo kuna sanamu ya muzee anayekimbia, amefungua mikono, kofia kichwani. Ni Bob Stokoe, muongozaji wa ekipe mwaka 1973. Mwaka ule Sunderland walikuwa divizio ya pili, lakini walifika fainali ya Kombe la FA na wakashinda Leeds, ekipe kubwa, 1-0. Goli lilitiwa na Ian Porterfield.

Jina hili wazee wetu wa karibu na mupaka wa Kasumbalesa wanalijua. Tarehe 27 mwezi wa 4 mwaka 1993, ndege ya ekipe ya Zambia ilianguka baharini karibu na Gabon. Wote 30 waliokuwa ndani walikufa. Ule Ian Porterfield ndiye aliyeongoza ekipe mupya ya Zambia mpaka fainali ya Kombe la Afrika, Tunisia, mwaka 1994. Nigeria waliwashinda 2-1, lakini Zambia ilisimama tena. Kumbe muji huu wa mbali na inchi ya shaba si wageni kabisa.

Sasa sikia namna watu wa Sunderland wanavyosapota. Mwaka 2017 ekipe yao ilishuka kutoka Premier League. Mwaka 2018 ikashuka tena, mpaka divizio ya tatu. Ingekuwa kwetu, wengi wangekwisha badilisha jezi! Lakini siku moja kisha Noeli mwaka 2018, katika divizio ile ya tatu, watu zaidi ya 46,000 walijaza kiwanja. Walikaa huko chini miaka minne. Mwezi wa 5 mwaka 2025 walishinda Sheffield United 2-1 kule Wembley, wakarudi juu kisha miaka minane. Ni mwaka uleule Leopard wetu Noah Sadiki aliingia kwao.

KWA MUTU ANAYEANZA

Basi, wewe unayetafuta ekipe, nakupa mashauri machache.

Usichague juu ya makombe peke yake. Ukifuata kombe, utahama kila mwaka, na mutu wa kuhamahama hana nyumba. Furaha ya mupira ni kungoja pamoja na wenzako. Anayefika siku ya karamu tu hajui utamu wake.

Usimufuate muchezaji mumoja tu, hata kama ni wetu. Lomana LuaLua, muzaliwa wa Kinshasa, alikuwa muchezaji wa Newcastle. Mwaka 2004 walimukopesha kwa Portsmouth, na huko akawatia Newcastle wenyewe goli! Muchezaji ni mufanyakazi, anaenda penye kazi. Umupende, umuombee, lakini ekipe ni jambo lingine. Angalia tena: mwaka 2025 Sadiki aliingia Sunderland, na Yoane Wissa aliingia Newcastle. Miji ile miwili iko karibu na haipatani katika mupira hata kidogo. Wewe Mukongomani utapigana na nani?

Jifunze ekipe ilitoka wapi. Uliza: muji wake unaishi na kazi gani? Nani waliianzisha? Mutu wa migodi anaweza kupata jamaa yake Barnsley ao Sunderland. Mutoto wa mushemino atapata Manchester United sababu nzuri kuliko makombe. Mutu wa koro atapata Everton. Ujue pia kwamba chini ya Premier League, yenye ekipe 20, kuna divizio tatu ingine zenye ekipe 72. Kila mwaka tatu zinashuka kutoka juu na tatu zinapanda. Hakuna sheria inayosema lazima uchague kati ya zile tano za video.

Ujue vilevile mwenye mali ni nani. Ekipe za wafanyakazi na za makanisa, leo nyingi ni mali ya matajiri wa mbali. Manchester City ilinunuliwa na watu wa Abu Dhabi mwaka 2008, Newcastle na mufuko wa serikali ya Saudia mwaka 2021. Manchester United na Liverpool zilinunuliwa na Waamerika. Sisi wa inchi ya shaba na kobalti tunafahamu hadisi hii: jasho ni la hapa, mwenyewe yuko ng'ambo. Wale matajiri hawajui jina lako. Usimupige ndugu yako kwa ajili yao.

Neno la mwisho ni juu ya pari. Kusapota na kupari si jambo moja. Anayesapota anapenda ekipe yake hata ikishindwa. Anayepari hapendi ekipe yoyote. Anapenda tikiti yake, na kesho atapari juu ya wengine. Tena meza ya pari haikuwekwa pale ili wewe utajirike. Muchungaji Preedy alileta mupira ili kijana wa mugodi apate furaha na aache mabaya. Tusiruhusu mupira uleule umunyang'anye mushahara.

Baba na mama, musiwaachie watoto peke yao katika nyumba za video. Siku ya mupira, kaeni nao. Waulizeni: "Ekipe yako ilianzia wapi? Nani aliianzisha? Ikishuka, utabaki nayo?" Mutoto anayejifunza kubaki na ekipe inayoshindwa anaweza pia kujifunza kubaki na rafiki aliyefukuzwa kazi, na baba muzee asiyeweza tena kushuka shimoni.

Bwana awabariki, na wachimbaji wetu wote warudi salama.