Maulizo ya mudogo wangu

Jambo hili nililificha mwaka mzima.

Mudogo wangu anakunywa dawa za ugonjwa wa akili. Alipogonjwa alisikia sauti, akakataa chakula, akasema majirani wanataka kumuua. Tulianza na chumba cha maombi, kisha tukamupeleka hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Bukavu. Alirudi na vidonge vya haloperidol, akatulia. Sisi tukafurahi, tukanyamaza. Hakuna mutu aliyemueleza jina la ugonjwa wake, wala namna dawa inavyotenda kazi mwilini.

Usiku alikuwa anashinda kwenye telefone, akinunua mega kwa pesa ya sabuni. Nilizani ni mambo ya mwanaume. Siku moja nikamunyang'anya. Nikakuta maulizo yake kwa Kifaransa: Dawa hii inakatisha siku za mwezi? Nitazaa? Miezi mitatu hakuona siku zake, na sisi wanawake wa nyumba moja hatukujua! Mutu fulani kwenye intaneti alimujibu: acha vidonge, nunua majani yangu. Vidonge tulivikuta chini ya godoro. Kisha sauti zikarudi.

Nilitaka kuvunja ile telefone. Mama akaniuliza: "Weye ni mwalimu. Mutoto akiuliza swali kwenye masomo, unamufunga kinywa?"

Tukanunua kaye, mudogo wangu akaandika maulizo yote, tukarudi hospitali. Kwanza wakapima kama hana mimba. Kisha infirmiye akatueleza: haloperidol inaweza kusimamisha siku za mwezi, kukaza viungo na kutetemesha mikono. Haina maana kwamba tumbo limefungwa. Munganga anaweza kupunguza dawa au kuibadilisha. Lakini kuiacha ghafula kunaweza kurudisha ugonjwa.

Dawa yake ikabadilishwa. Telefone nilimurudishia, nikamuomba musamaha. Sasa kila siku ya posho tunasoma pamoja. Tunajiuliza: nani ameandika hii? Anauzisha kitu? Yenye kutushinda inaingia kwenye kaye mpaka siku ya kumuona munganga.

Siku nyingine anaona haya, anaandika huku ananificha ukurasa. Ninamuacha. Kaye ni yake.

Na weye mama, binti yako anayekunywa dawa hizi, ulimuuliza lini habari za mwili wake? Usipomuuliza weye, ataenda kuuliza mutu asiyemujua.